Tulikula Tumefunga Mlango

Tik. Kisha kimya. Kisha tik nyingine, kavu na nyembamba, kama mtu anayevunja mguu wa panzi. Kila alfajiri niliisikia sauti hiyo kabla jicho langu halijaona chochote, kwa sababu katika nyumba ya shangazi yetu, pale Hamugembe, Bukoba, taa haikuwashwa asubuhi. Mvua ya Novemba ilikuwa bado inadondoka kutoka kwenye majani ya migomba mpaka kwenye bati, na yeye ameketi gizani kwenye kigoda, wembe mkononi, anapasua njiti za kiberiti. Kila njiti alitaka izae njiti mbili. Alizipasua gizani kwa sababu kuwasha taa kungemlazimu kutumia njiti moja, na njiti moja, alisema, ni mioto miwili. Mara nyingi wembe uliteleza, kichwa cha njiti kikapukutika, na badala ya mioto miwili tukawa hatuna hata mmoja. Hapo ndipo jina langu lilipoitwa. "Koku! Amka ukaombe moto kwa Mama Edisoni." Nikaenda miguu mitupu kwenye umande, kigae mkononi, na hasira ambayo mpaka leo naweza kuionja. Ina ladha ya majivu.

Watu wazima walimwita Ma Adventina, kwa heshima. Walipochoshwa naye walimwita Ma Komeo, na hilo nitalieleza. Alikuwa dada wa baba yetu. Baba alirudi salama kutoka vitani, akalima kahawa yake huko kwetu karibu na Rubya, akaoa, akatuzaa mimi na dada yangu Jenesta, kisha ugonjwa ule uliokuwa ukipita nyumba kwa nyumba ukampata miaka mingi baada ya risasi kumkosa. Mama alimfuata kabla migomba iliyopandwa juu ya kaburi la Baba haijazaa. Siku ya kuanua matanga ukoo uliketi kujadili nani atatuchukua, na Baba mkubwa Fidelis, kaka yao, akasema lake. Alikuwa na mgahawa kwenye kisiwa kimoja cha Muleba, wanakopanga wavuvi kutoka kila upande wa ziwa. "Mdogo aende kwa Adventina," alisema. "Mkubwa naye aende, lakini siku Adventina akishindwa kuwalisha, Jenesta nitamchukua aje anisaidie kuhudumia wateja." Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wasichana wa kijijini kwetu waliokwenda kuhudumia wateja visiwani walirudi wamekonda, au walirudi ndani ya sanduku. Shangazi alijibu maneno mawili tu, la pili likiwa neno la heshima la kwetu: "Sitashindwa, waitu." Akatubeba kama mizigo yake mingine, akaja nasi Bukoba.

Kazi yake ilikuwa kuchambua kahawa mjini. Aliketi sakafuni na wanawake wenzake wakitoa punje mbovu kwa vidole, na kazi hiyo ilikuja na msimu na kuondoka na msimu. Mvua zile zilipoanza ilikuwa imeshaondoka. Jenesta alikuwa amemaliza darasa la saba na tulikuwa tunasubiri majibu. Akichaguliwa, angehitaji sanduku la bati, godoro, shuka, viatu. Asipochaguliwa, au akichaguliwa sanduku likakosekana, kisiwa kilikuwa palepale, kinamsubiri. Kwa hiyo shangazi alianza kuibana nyumba kama mtu anayekamua nguo iliyokwisha kukauka.

Sukari hatukuitia kwenye chai. Aliiweka kiganjani, kijiko kimoja kwa kila mtu, tukailamba kidogo kidogo huku tukinywa chai chungu, na ole wake aliyetokwa jasho mkononi. Mche wa sabuni aliukata kwa uzi, vipande vyembamba kiasi kwamba ukikishika kimoja kwenye mwanga unaona kivuli cha vidole vyako. Nguo nyeupe tu ndizo zilizostahili sabuni. Nyingine zilifuliwa kwa maji ya majivu ya maganda ya ndizi, jambo alilojifunza wakati wa vita sabuni ilipopotea madukani, na ambalo hakuona sababu ya kuliacha eti kwa kuwa sabuni imerudi. Mjini alikuwa na duka lake moja tu, la mzee wa Kihindi ambaye watoto wake wote walikwisha kuhama. Alinunua robo ya mche, kisha akaomba karatasi ya kufungia, kisha akaomba nyingine ya kufungia ile ya kwanza, kwa sababu karatasi zilikuwa majalada yetu ya madaftari. "Mama," mzee alimuuliza siku moja, "leo umekuja kununua sabuni au karatasi?" Shangazi akamjibu, bila kucheka, kwamba sabuni atanunua, karatasi atapewa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikiombea ardhi ipasuke.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonitesa ni mlango. Kwetu mtu hali chakula mlango ukiwa umefungwa. Chungu kikiipuliwa, mlango unakuwa wazi, na anayepita njiani anaitwa hata kama wote wawili mnajua kwamba atakataa. Shangazi alipoipua alikwenda mlangoni kwanza, akausukuma mlango wake wa mbao ulioburuza sakafu, akatia komeo la chuma. Krraa, tak. Mtaa mzima ulisikia. Mtaa mzima ukajua sasa wanakula. "Leo kuna nini huko ndani, Ma Komeo?" Mama Edisoni alipiga kelele kutoka kibanjani mwake, katikati ya migomba yake. "Kuku au mbuzi mzima? Tupeni hata mfupa, tuunuse!" Wanawake wengine wakacheka. Shuleni watoto waliniuliza kwa nini ninanenepa kwa siri. Nami ndani nilikuwa nimekalia jamvi mbele ya ndizi zilizochemshwa kwa chumvi na majani ya maboga, bila maharage, bila mafuta, nikitamani kuufungua mlango ule na kuwaita wote waje wamuone mbuzi wetu. Kulala na njaa niliweza. Kulala na njaa huku nikiitwa mlafi kulinishinda.

Kisha senene wakaja, wale panzi wa kijani wa kuliwa. Asiyewahi kuamka Bukoba asubuhi ya senene sijui nimweleze vipi. Mvua inakatika, anga linageuka rangi ya maziwa yaliyomwagikiwa maji, na nyasi zote zinakuwa na uhai, kijani juu ya kijani, mtaa mzima umeinama. Zamani wanawake wa kwetu waliwakusanya senene bila kuwala, wakawapikia wanaume. Wakati wetu mwiko huo ulikuwa umekufa na kila mtu alikula mpaka midomo ikang'aa. Isipokuwa sisi. Sisi tulikusanya, mimi na Jenesta, tukawanyonyoa mbawa na miguu mpaka kucha zikawa kijani, shangazi akawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, na harufu ile ikajaa ndani ya nyumba iliyofungwa, ikapanda kwenye nywele zetu, ikalala nasi kitandani. Asubuhi alikwenda kuwauza sokoni. Wote. Alibakiza kopo moja tu, akalifunika, akaliweka juu ya kabati. "Hao ni wa nani, Shangazi?" nilimuuliza. "Ni wa kopo," alinijibu. Nilimchukia siku ile, na sioni haja ya kusema vinginevyo.

Majibu yakatoka. Jenesta alikuwa amechaguliwa, shule ya bweni upande wa Muleba. Shangazi alishangilia kwa kutupunguzia tena sukari.

Na hapo ubahili wake ukazaa kitu ambacho hakuna bahili aliyekitaka. Habari za mlango wetu zilisafiri. Zilitoka Hamugembe, zikapanda mtumbwi, zikafika kisiwani zikiwa zimenona njiani: kwamba Adventina ametajirika, anakula nyama kila siku na watoto wa marehemu, na kwa hofu ya kugawana anatia komeo. Baba mkubwa Fidelis hakuwa mtu wa kuacha nyama iliwe bila yeye. Alikuja bila taarifa, saa ya chakula, tulipokuwa tumekwisha kufunga. Tulimtambua kwa kikohozi kabla hajagonga.

Sijawahi kumuona mtu akienda haraka kama shangazi siku ile. Chungu chetu cha ndizi na majani alikisukuma chini ya kitanda, akashusha shuka mpaka sakafuni. Jenesta akafuta jamvi. Shangazi akapitisha kiganja mdomoni mwake kama mtu anayefuta mafuta, akatutazama mmoja mmoja, akanong'ona: "Tumeshiba." Kisha akafungua. "Karibu, kaka, karibu sana. Ungewahi kidogo tu, waitu! Ndiyo kwanza tumemaliza."

Kaka yake akaketi, mkubwa wa mwili, ananukia dagaa na moshi, macho yakizunguka kuta. Shangazi akamtangulizia punje za kahawa za kutafuna, kama ilivyo desturi. Akachemsha chai, akaitia sukari humohumo ndani ya birika, sukari ya wiki nzima, nikaisikia ikianguka. Halafu akapanda kwenye kigoda, akalishusha kopo. Senene wale, waliokauka vizuri, wekundu kama shaba, akawamimina wote kwenye sahani na kumwekea. Baba mkubwa akala. Alikula kwa kiganja kizima, akitafuna kwa sauti, akipuliza vumbi la chumvi. Chini ya kitanda chungu kilikuwa bado cha moto na mvuke ulipenya pembeni mwa shuka, uzi mweupe mwembamba, mimi nikiutazama na kutamani niukalie. "Mlikula nini?" aliuliza. "Samaki," shangazi alisema. "Mkubwa?" "Tumewapa na majirani." Hapo kwa mara ya kwanza nilimwona Jenesta akiuma mdomo ili asicheke, au asilie.

Kisha Baba mkubwa akanigeukia. Alijua wa kumuuliza. Mtoto mdogo hana mlango. Akajaza kiganja, akaninyooshea. "Njoo mwanangu, chukua. Unapenda senene?" Walikuwa karibu na pua yangu. Niliona chembe za chumvi. Nilikuwa nimewasubiri msimu mzima, na tangu asubuhi nilikuwa nimekula kijiko kimoja cha sukari. Mtoto aliyeshiba samaki hupokea wawili watatu kwa adabu. Mtoto mwenye njaa hupokea wote kwa mikono miwili, na nilijua kwamba mikono yangu, ikianza, haitajua kusimama. Sikumtazama shangazi. Nilimtazama Jenesta, vidole vyake ambavyo bado vilikuwa na kijani kwenye kucha. "Asante, Baba mkubwa," nikasema. "Nimeshiba."

Alicheka, akanipiga kidogo shavuni, akawatia mdomoni. Alipomaliza sahani alijilamba kidole kwa kidole, akatangaza hukumu kama mtu aliyeombwa: "Basi. Naona hamjashindwa. Binti na asome." Na kwa kuwa alituamini kabisa, akaomba nauli ya kurudia na sukari kidogo ya kupeleka kisiwani. Shangazi akamfungia sukari ndani ya karatasi mbili.

Alipoondoka tulikivuta chungu, kimepoa, na shangazi akatia komeo. Nikapasuka. Nilimwambia kwamba mlango wake ndio uliomleta, kwamba angeuacha wazi watu wote wangeona hatuna kitu, na Mama Edisoni angetuletea maharage badala ya matusi. Alinisikiliza akiwa anapakua ndizi ya mwisho. "Wakiona hatuna kitu watatuhurumia," alisema. "Watahurumia kisimani, watahurumia kanisani, watahurumia sokoni, na kabla ya Jumapili huruma yao itafika kwa kaka yangu. Afadhali waseme tunakula mbuzi. Kula." Nikala. Sikuridhika. Januari Jenesta alipanda basi la Muleba na sanduku la bati lililobonyea upande mmoja, shangazi akiwa amelipata kwa bei nafuu kwa ajili ya ule upande uliobonyea.

Leo Jenesta ni muuguzi, ana watoto, na akija kwangu Dar es Salaam anazunguka nyuma yangu akizima taa, mpaka nagombana naye. Mimi nina friji inayonguruma usiku kucha, nanunua senene waliofungwa kwenye plastiki kwa bei ambayo shangazi akiisikia atalazwa, na ninamwaga chai iliyopoa bila kufikiri. Mlango wangu pia hufungwa saa ya chakula. Milango yote ya mtaa wetu hufungwa. Hakuna anayepiga kelele kuuliza tunakula nini, na sijawahi kujua jirani wa upande wa pili wa ukuta anakula nini, au kama anakula.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Nilimpelekea mfuko wa sukari, mafuta, sabuni, na katoni nzima ya viberiti. Alivipokea kwa kunilaumu, akavisukuma chini ya kitanda kilekile, akachemsha chai, akatoa sukari ya zamani, maana mpya ilikuwa ya kutunzwa. Nilimwambia, Shangazi, hiyo yote ni yako, nitaleta nyingine. Akasema amesikia. Kisha akaushika mkono wangu, akaufungua, akaniwekea kijiko kimoja cha sukari kiganjani. Nikailamba, mwanamke mzima, nikanywa chai chungu. Nilipoaga aliniombea safari njema, akanisindikiza hatua mbili mpaka kizingitini. Nilikuwa bado nimeinama navaa viatu, bodaboda ananisubiri njiani, niliposikia mbao zikiburuza sakafu nyuma ya mgongo wangu, na komeo likaingia mahali pake.