Kuvu Chini ya Magunia

Shamba letu karibu na mji wa Kabati lilikuwa na udongo mgonjwa. Misimu mitatu mfululizo miche ya nyanya ilitoa maua, kisha ikanyauka mmoja mmoja, na ukipasua shina unakuta limegeuka kahawia ndani. Nyanya hizo ndizo zilizotulisha, mimi na mama yangu mjane.

Mwenye duka la dawa za kilimo aliniuzia pakiti ya unga. Alisema ni kuvu nzuri, inakaa kwenye mizizi na kuila kuvu mbaya inayoleta mnyauko. Nilichanganya na samadi iliyooza, nikanyunyiza maji, nikafunika kwa magunia kivulini. Siku chache baadaye nilifunua nikakuta samadi imekuwa kijani kote. Nilifurahi kama mjinga, nikamwita mama, Mwaitu kwa lugha yetu, aje aone.

"Ni nini hiyo?"

"Ni kuvu, Mwaitu. Lakini hii ni ile nzuri."

Nikampa somo zima, maana mimi nikijua kitu sinyamazi. Alirudi jikoni.

Kesho yake nilitoka sokoni nikakuta moshi. Mama alikuwa amelimwagia rundo lote la samadi mafuta ya taa na kuliwasha, na sasa alikuwa akisukumia motoni kwa jembe kila kipande kilichobaki. Nilimfokea. Nilimwambia mama yangu mzazi kwamba ujinga wake utatuua kwa njaa. Naona aibu hadi leo.

Aliniacha nimalize.

"Ile mahindi ilikuwa na hii rangi," akasema. "Niliiona. Nikaosha, nikaanika, nikasema itatoka. Hakukuwa na ingine. Ni mimi nilikoboa hiyo mahindi nikapika muthokoi."

Dada yangu mdogo alikufa mwaka wa njaa, macho ya njano, tumbo limevimba. Mimi nilikuwa shule ya bweni. Nyumbani tulisema tu ni mahindi yenye kuvu. Hakuna aliyetaja mpishi, nami sikuwahi kuuliza.

"Unasema iko nzuri na iko mbaya," mama akaendelea. "Sasa mimi ningejuaje?"

Nilipanda hivyo hivyo bila ile kuvu, na nyanya zilipofika ukubwa wa yai zikaanza kunyauka. Mama alizitazama, akaniambia niende nikanunue ile pakiti tena, yeye atakaa ndani mpaka nimalize kuichanganya.

Nilienda Kabati, nikazunguka bila kuingia kwenye duka la dawa, nikarudi mikono mitupu. Nilimwambia imeisha dukani.