Saluni Imefungwa, Enid Yuko Mbioni

Jumamosi ile, wanawake waliofika kwenye saluni ya Enid Skelsey pale Horncastle, mji mdogo wa Uingereza, walikuta mlango umefungwa na karatasi imebandikwa kwenye kioo: "Nimekwenda kwenye mbio za magari Cadwell. Nikirudi mzima, tuonane Jumanne." Wakacheka. Mmoja akasema mama huyu kaingiwa na wazimu wa uzeeni. Kisha nusu yao wakageuza magari wakamfuata hukohuko.

Enid alikuwa na miaka hamsini na saba, mfupi, mnene kidogo, mwenye viganja vigumu vilivyoshika mikasi tangu alipoacha shule. Hakuwa mtu wa kujionyesha. Lakini kwa majira matatu ya baridi, kila akifunga saluni, alikuwa akivaa ovaroli na kuingia kwenye gereji ya jirani yake Wilf Haddow, fundi matrekta mstaafu, na hapo wawili hao walikuwa wakilifufua gari la marehemu baba yake.

Lilikuwa gari dogo la mashindano aina ya Sprite, la mwaka hamsini na tisa, lile ambalo taa zake zimekaa juu ya boneti kama macho ya chura, na ambalo Mwingereza akiliona hutabasamu hata kama anatoka mazikoni. Kwa nje milango yake haina vishikio, na nyuma halina buti la kufunguka. Ukitaka tairi la akiba unaingiza kichwa nyuma ya viti kama mtu anayemtafuta paka. Baba huyo alilikimbiza enzi za ujana wake, kisha likaishia kwenye banda la kuku. Siku lilipokuwa bado linatembea, alikuwa akimpakata binti yake mkubwa, Thelma, na kumwachia usukani shambani. Enid aliambiwa asubiri, miguu yake haifiki. Alisubiri mpaka mzee akafa.

Thelma naye alikuwa akija kutoka Leeds mwisho wa juma, mrefu, sauti kubwa, mikono safi, kuja kutoa amri. Lakini siku mnunuzi mmoja alipokuja kuliulizia lile gari, dada hao walijibu kwa pamoja kabla hajamaliza sentensi: "Haliuzwi!"

Sasa lilikuwa pale uwanjani Cadwell, limepakwa rangi ya bluu, limefungwa chuma cha kulinda vichwa na mikanda mipana, namba mlangoni, wakaguzi wamekwishalipitisha. Mbio zenyewe zilikuwa za madereva wawili kwa gari moja: mmoja anaanza, katikati ya mbio anaingia kando na kushuka, mwenzake anapokea.

"Naanza mimi," Thelma alisema, huku akitafuna mkate wa soseji.

"Kwa nini wewe? Injini nimeifunga mimi."

"Mimi ndiye mkubwa."

"Ukubwa wa mdomo."

"Enid, mdogo wangu, ukianza wewe utasimama kwenye kona ya kwanza kuwapisha wenzako. Nakujua. Hata dukani unawapisha watu wasio na haraka."

Wilf akacheka mpaka chai ikammwagikia. Jirani yao kwenye maegesho, Piers Ollerenshaw, bwana mwenye sharubu na gari la kijani lililong'aa kama kijiko cha harusi, akasogeza shingo. "Mabibi, mkimaliza kugombana, nikaribisheni nije nisukwe nywele. Naona gari lenu lina kelele kama kikausha nywele."

"Nywele zenyewe ziko wapi, Bwana Piers?" Enid akamjibu bila kumtazama. Piers akajishika upara, akanywea.

Basi Thelma akaanza. Na lazima isemwe kweli, aliendesha kama mtu aliyezaliwa humo. Kila alipopita, Enid alimwona tu kama doa la bluu na mlio mkali unaopanda ngazi za gia, akajikuta anapiga kelele, "Kanyaga! Kanyaga, dada!" huku amemshika Wilf mkono hadi mzee wa watu akaomba aachiwe damu ipite.

Muda wa kubadilishana ulipofika, Thelma aliingia, akasimama kwa kishindo, akaanza kutoka kama twiga aliyefungiwa kabatini. Goti likanasa kwenye usukani. "Nivute!" Enid akamvuta. "Si nywele, we! Mkono!" Mwishowe akatoka, Wilf akatupia kitini mto mnene wa kumwinua Enid, Enid akadumbukia, mikanda ikakazwa hadi pumzi zikakata. Thelma akainama, uso mwekundu, jasho linatiririka. Enid alidhani atapewa amri nyingine.

"Linaruka, Enid," dada yake alisema. "Utaona. Linaruka!"

Enid akaondoka. Na wakati uleule mvua ikaanza.

Mzunguko wa kwanza Enid hakuuona vizuri. Vipangusio vilikuwa vikisukuma maji huku na huko bila kuyaondoa, naye akapunguza mwendo. Magari mawili yakampita kulia, jingine kushoto, likamwogesha tope. Moyoni akajisema kuwa Thelma alisema kweli. Hapa anawapisha watu kama dukani.

Kisha akafika pale wanapopaita Mlimani, ambapo lami inasimama ghafla kama paa la nyumba. Akakanyaga, Sprite likapanda likilia, na kileleni magurudumu ya mbele yakawa mepesi, yakaacha ardhi kidogo tu, kiasi cha kupitisha gazeti. Gari lilipotua aligundua kuwa kuna mtu anapiga vigelegele ndani ya kofia yake ngumu, na mtu huyo ni yeye.

Hofu ikamtoka yote pale. Tangu hapo aliendesha kwa furaha isiyo na adabu. Kwenye zile kona za msituni, ambako lami ilikuwa na majani yaliyolowa, magari makubwa yalikuwa yakiteleza na kuyumba. Lake lilikuwa jepesi, likipita kati ya miti kama sungura. "Haya mwanangu, twende," alikuwa akiliambia. Akampita mmoja. Akampita mwingine. Halafu mbele yake, kwenye ukungu wa maji, akaona kitu cha kijani.

Piers alikuwa na injini yenye nguvu zaidi. Kwenye sehemu nyoofu alimwacha Enid, kwenye kona Enid akamrudia, mpaka akawa anauona upara wake ndani ya kofia, kama alivyosimulia baadaye. Wakaingia kwenye ile kona kali iliyojikunja kama kiwiko. Piers akachelewa breki, akateleza nje kidogo. Kidogo tu. Enid akaingiza ile pua ya chura katika upenyo, bega kwa bega, magurudumu yakikaribia kubusiana, akatoka mbele yake. Hakuangalia nyuma. Kioo cha kofia kilikuwa kimejaa mvuke, naye akakanyaga, akakanyaga.

Akazunguka tena kwa kasi ileile. Akashangaa washika bendera kila kona wanapunga mikono na kupiga makofi. Akashangaa zaidi kwamba Piers haonekani. Akafikiri maskini, gari limemfia. Ni mpaka alipofika Mlimani mara nyingine, akaona hakuna gari lolote linalokimbia duniani isipokuwa lake, ndipo akaelewa. Bendera ya kumaliza mbio alikwishaipita zamani.

Mwamuzi mmoja wa kike alikuwa akimngoja kando. Alikunja uso ili amkaripie, na akamkaripia kweli, kwamba hilo ni jambo la hatari na akirudia atafungiwa. Enid akaomba radhi kwa unyenyekevu wote. Kisha mwamuzi akashindwa kujizuia, akageuka pembeni, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Mmekuwa wa tatu katika daraja lenu," akasema. "Nenda zako."

Thelma alikuja mbio kwenye mvua, matope mpaka magotini, mikono safi imekwisha. Akamkumbatia mdogo wake akiwa bado amefungwa mikanda.

"We mwendawazimu! Mbio zimekwisha, wenzako wanakunywa chai! Ulikuwa unashindana na nani?"

"Na wewe," Enid akasema, akavua kofia. Nywele zake, ambazo asubuhi alizitengeneza kwa saa nzima, zilikuwa zimelala kama za kifaranga.

Thelma akamtazama. Kisha akainama, akaanza kumfungulia mikanda.

Piers akafika na sahani ya pai, akawapa heshima zao, akataka kujua kwa upole hicho kikausha nywele wanakitia mafuta gani. Wateja wa saluni wakateremka kilimani na miavuli, wote wakisema kwa pamoja. Wilf alikuwa amekwishafungua boneti, analipapasa gari linalotoa mvuke kama farasi, na kina dada wamesimama kando yake wakibishana kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: mwezi ujao nani aanze.