Spika za Watu Mia Tatu

Jumatatu moja ya Mei 1995, Kepher Odindo aliitwa nyumbani kwa meneja, aende na mkoba wake wa vifaa. Alifikiri ni fyuzi imeungua. Alipopinda kona ya ua akasimama ghafla. Spika mbili za ukumbi wa wafanyakazi zilikuwa zimelazwa kifudifudi kwenye nyasi, na mvua ya saa nane ilikuwa imeshaanza kuzipiga.

Hizo hazikuwa spika za redio. Kila moja ilikuwa sanduku la mbao linalomfikia mtu mabegani, na juu yake tarumbeta ya chuma yenye mdomo mpana kuliko ungo. Zilifungwa ukumbini miaka ya sitini, wafanyakazi wa shamba hilo la chai nje ya Kericho walipojengewa mahali pa kuonyeshwa sinema Jumamosi alasiri. Kepher alikuja kutoka upande wa ziwa mwaka wa 1976 kuchuma majani. Akajifunza kazi ya stima, akawa fundi wa umeme wa shamba, akakabidhiwa projekta na spika hizo. Tangu hapo alizifuta vumbi kwa mkono wake. Mama aliyeketi safu ya mwisho na mtoto mgongoni alisikia kila neno.

Sasa mdomo wa mojawapo ulikuwa umebonyea. Zililetwa kwa trela ya majani, na aliyezipakia hakuzifunga hata kamba.

"Nani ametoa hizi ukumbini?" Kepher aliuliza.

Bwana Nicholas, meneja aliyehamia pale mwaka uliotangulia, alikuwa amesimama verandani na kikombe chake cha chai. "Ni mimi. Zilikuwa zinakaa bure. Ukumbi hautumiki."

Maneno hayo yalimchoma Kepher kuliko kile chuma kilichobonyea. Sinema zilisimama kwa sababu balbu ya projekta iliungua Septemba, na yeye aliandika barua tatu kuomba nyingine. Alizipeleka kwa mkono, ofisini kwa huyo huyo. Hakujibiwa hata moja. Tena ukumbi haukukaa bure. Kwenye ibada, harambee na mazishi, mikrofoni ilipitishwa kwenye spika hizohizo.

"Bwana meneja, zile barua zangu ulipata?"

"Kepher, sikukuita tuongee mambo ya barua. Ingia nikuonyeshe kazi."

Kazi ilikuwa chumba kilichokuwa stoo nyuma ya nyumba. Bwana Nicholas alikuwa ameona kwa rafiki yake Nairobi jinsi watu wanavyojitengenezea sinema nyumbani, naye akataka yake. Kapeti nyekundu ilishatandikwa, makochi mawili yakawekwa, na mbele yake televisheni kubwa, video na amplifaya ya ukumbi, kwa maana hiyo nayo ilichukuliwa. Kepher alitoa futi yake akapima mlango, akapima silingi. Mlango ulikuwa mwembamba. Silingi ilikuwa chini. Spika ikisimama na tarumbeta yake ingeitoboa.

"Basi kata hiyo sanduku chini," meneja akasema. "Futi moja hivi."

"Sikati."

"Unasema nini?"

"Hilo sanduku ndilo tumbo la sauti, Bwana meneja. Ukikata, utabaki na kelele ya debe. Tafuta mtu mwingine wa kukata, mimi sitaki mkono wangu uwe hapo."

Wakatazamana. Kwa kuwa hakukuwa na fundi mwingine aliyezijua nyaya zile, Bwana Nicholas alikuwa wa kwanza kutazama kando. "Fanya unavyojua. Ijumaa nataka kuona picha."

Kepher angeweza kuifanya kazi hiyo vibaya. Alifikiria jambo hilo alipokuwa akizikausha kwa kitambaa. Lakini hakuweza kuzifanyia spika kosa ambalo si lao. Aliondoa fremu ya dirisha ili masanduku yapite. Akafungua tarumbeta kutoka juu, akazitengenezea vigogo vya mvule azisimamishe pembeni mwa masanduku, akaurudisha ule mdomo uliobonyea kwa nyundo ya mpira, taratibu, hadi ukakaribia umbo lake. Alichukua siku nne.

Ijumaa alasiri meneja na mkewe, Cheptoo, waliketi kwenye makochi. Picha ilipoanza, vioo vya dirisha vilitetemeka na glasi ikaanguka kutoka kabatini. Cheptoo aliziba masikio. "Punguza! Ni kama mtu ananigombeza kwa sikio." Kepher akapunguza. Sauti ilipokuwa ndogo, walichosikia zaidi ni mchemko wa amplifaya, kama mafuta yanayokaangwa. Maneno yalitoka upande mmoja, mngurumo upande mwingine, haviungani.

"Umeziharibu," Bwana Nicholas alisema. "Umefanya makusudi kwa sababu ya hizo barua zako."

Kepher alikuwa ameanza kukusanya bisibisi zake. Akasimama wima. "Bwana meneja, hizi zilitengenezwa kwa watu mia tatu. Hapa mko wawili. Sauti yake inataka nafasi ya kutembea kabla ifikie mtu. Hakuna fundi anaweza kurekebisha hiyo, mimi ama mwingine."

Jumatatu alipewa barua ya onyo na kuhamishiwa kiwandani, kulisha kuni boila. Iliwezekanaje barua zake zikae miezi minane bila kujibiwa, na ya kumwadhibu ikapigwa taipu kwa siku mbili? Alimuuliza swali hilo mkewe, Syprose, akamuuliza karani, akamuuliza kila aliyesimama karibu na boila.

Aliyelisikia vizuri zaidi alikuwa Chepkemboi, kiongozi wa wanawake wachumaji. Mwezi huo walimzika shemeji yake. Ibada ilifanywa ukumbini kwa sababu ya mvua, na mchungaji alipaza sauti hadi ikakauka, wazee wa nyuma wasisikie hata jina la marehemu likitajwa. Mkubwa wa kampuni alipokuja kwenye mkutano wa Juni na kuuliza kama kuna shida, Chepkemboi alisimama.

"Tarumbeta zetu ziko wapi?"

"Tarumbeta gani, mama?"

"Za ukumbi. Uliza meneja, ziko kwake. Na Baba Maxine, huyu Kepher aliyezitunza, sasa anabeba kuni."

Mkubwa alimgeukia Bwana Nicholas. "Zirudishe," akamwambia.

Wiki mbili baadaye spika zilirudi, mara hii zimeviringishwa kwa blanketi. Kepher aliitwa kuzifunga, akazifunga. Kisha watu wakakusanywa ukumbini, na ofisa wa wafanyakazi akashika mikrofoni. "Tumpigie meneja wetu makofi mazuri kwa kutuletea spika hizi!"

Makofi yakaanza, mengine kwa sababu manyapara walikuwa wakitazama. Kepher alisimama mbele, mikono imening'inia.

"Makofi ya nini?" alisema, na hakuhitaji mikrofoni. "Hizi ni zetu. Zilichukuliwa bila kuulizwa mtu, zikanyeshewa, zikabonyezwa, sasa zimerudishwa. Nani ameomba msamaha?"

Makofi yalikatika. Chepkemboi alishusha mikono yake, na wanawake wa safu yake wakashusha yao. Bwana Nicholas aliondoka kabla chai ya sherehe haijamiminwa.

Kepher hakurudishwa kwenye kazi ya stima. Alilisha boila miaka mitatu zaidi, kisha akaacha kazi na kufungua kibanda cha kutengeneza redio katika soko la Sosiot. Siku ile ya makofi, wakirudi nyumbani kwa njia ya katikati ya michai, Syprose alimuuliza kama ilikuwa lazima aseme mbele ya watu wote.

"Yeye alitaka makofi mbele ya watu wote," Kepher akajibu, akaongeza mwendo.