Mjomba Apiga Hodi Bwawani kwa Bata

Mjomba wangu ana bunduki yenye kibali, suruali ya mpira inayofika kifuani, na filimbi inayolia kama bata. Alichokuwa hana ni bata wa kula.

Msimu uliopita alijiunga na kundi la wawindaji lenye kiongozi wa kulipwa. Wakapiga wote kwa pamoja, bata wakaanguka rundo moja. Sasa utajuaje huyu kaangushwa na nani, na kama huyo mpigaji kasema bismillahi? Akarudi kwetu Malton, upande huu wa mpaka wa Marekani, na picha tu. Nikamwambia, "Mjomba, tuikaange hiyo picha." Akanirushia ndala.

Mwaka huu akaapa: tutavuka mpaka twende Marekani wenyewe, wawili tu, bila kiongozi. Lakini hapo lazima utafute shamba la kuwindia, na mwenyewe akubali. Asipokubali, hakuna safari. Basi siku yangu ya kupumzika kazi ya ghalani, tukavuka kwenda kuomba. Bunduki tuliiacha nyumbani.

"Mnakwenda kufanya nini?" afisa wa mpakani akauliza.

"Kuangalia bata," mjomba akasema.

Afisa akanigeukia.

"Mimi namwangalia yeye."

Kwenye mashamba mawili wakatukatalia. La tatu lilikuwa na nyumba nyeupe, mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na bwawa nyuma ya matete. Nikashuka nikabonyeze kengele. Mjomba akanidaka kola.

"We mtoto, wapi? Kwa watu unapiga hodi, unasubiri ukaribishwe."

"Mjomba, huku hodi ndiyo kengele."

"Kengele ni ya mleta piza."

Akasimama mbali kabisa na mlango, akajaza kifua. Na huyu mtu Tanga alikuwa muadhini.

"Hodiii!"

Mlango haukufunguka.

"Hodi wenyeweee!"

Bwawa likanyanyuka. Wallahi nilidhani maji ndiyo yanaondoka. Bata juu ya bata juu ya bata, mvumo kama ndege za mizigo zinazopita juu ya ghala letu, ila huu ulikuwa na pumzi. Jua likafifia. Kivuli chao kikapita juu ya gari, juu ya mjomba, juu yangu. Mimi ninayechekesha watu hata msibani, nikashika boneti kwa mikono miwili.

"Subhanallah," mjomba akanong'ona. Halafu uso ukamshuka. "Nimewafukuza."

Mlangoni alikuwa ametoka bibi mmoja wa Kizungu, naye kaangalia juu. Anga lilipotulia ndiyo akatuuliza shida yetu. Mjomba akaeleza yote: sisi wawili tu, tunaomba ruhusa, na kwetu mtu hausogelei mlango kabla hajakaribishwa.

"Wengine wananigongea hata viatu sijavaa," bibi akasema. Akanyoosha mkono kuelekea shambani. "Kwenye mahindi, Jumamosi, sawa. Bwawani hapana. Pale ndipo wanapolala."

"Watarudi?"

"Jioni hii hii."

Tukarudi kwenye gari, lakini mjomba hakuwasha. Jua lilipoinama wakaanza kuja, kundi baada ya kundi, wakishusha miguu yao ya rangi ya machungwa, wakiteleza juu ya maji bila kugongana. Nilisahau hata kuchukua simu nipige picha.

"Jumamosi mmoja wangu, mmoja wako," mjomba akasema polepole. "Hao wengine tuwaangalie tu."