Matawi Njiani Katuba

Wazo la matawi lilikuwa la mkuu wa kamati ya mbio, mwalimu kijana aliyehamia kwetu kutoka Kasai, na mpaka leo nikimkumbuka nakunja uso. Vijana wa parokia walikuwa wameandaa mbio za msaada: kuanzia Kamalondo, kupita mtaa wa Kenya, kumalizia mbele ya dispensari ya Katuba. Kila mtazamaji alete pale mwisho sabuni, shuka, au dawa aliyonayo nyumbani, maana dispensari ile ilikuwa imebaki na vitanda na manesi tu.

Njia ilihitaji alama. Chaki ilikuwa imeadimika mjini, kwa hiyo mwalimu akaagiza matawi mabichi yalazwe kila kona. Wamama wa Katuba wakamkatalia. Kwetu Lubumbashi tawi bichi likilazwa barabarani, watu wanajua karibu hapo kuna kilio. Magari yanapunguza mwendo, redio zinazimwa. Walimwambia anakiita kifo. Akacheka, akasema ni asubuhi moja tu.

Mimi nilikuwa na ombi langu. Mama alikuwa mgonjwa tangu mvua za kwanza, miguu imevimba, pumzi fupi, na kila tulipompeleka dispensari tulirudi naye mikono mitupu. Ndiyo sababu nilijiandikisha kukimbia. Nilimwomba mwalimu mbio zipite kwenye barabara yetu ndogo, mama anione hata mara moja. Akanijibu kwamba njia imeshapangwa, watu hawawezi kuzungushwa kwa ajili ya mama wa mtu mmoja. Nilimnunia.

Siku ikafika. Enzi zile za chama kimoja, mwanamke aliyevaa suruali alikuwa anajitafutia matatizo, basi sisi wasichana tulikimbia na vitenge tumevipandisha magotini, wanaume wa mtaa wa Kenya wakitutania kwamba tunafukuza kuku. Niliwajibu bila kupunguza mwendo. Hasira niliyokuwa nayo ingenifikisha Sakania, kule mpakani na Zambia.

Nilipoingia Katuba nilikuwa mbele ya wasichana wote, na kikundi cha wavulana kilikuwa nyuma yangu. Kwenye kona ya barabara yetu nikaona matawi, mabichi kabisa, yanaelekea kwetu. Nilifurahi kupita kiasi. Nikajua mwalimu amelainika, amebadilisha njia kimyakimya, na nikamsamehe palepale. Nikakata kona, wa nyuma wakanifuata, nikaongeza mbio huku nikitabasamu ili mama anione nikiwa na sura nzuri.

Mbele ya nyumba yetu watu walikuwa wamekaa chini, wamama wamefunga vitenge kiunoni. Nilidhani wanatusubiri, nikawapungia mkono. Hakuna aliyenipungia. Kisha nikamwona baba, kichwa wazi, yeye ambaye hakutoka nje bila kofia. Alisimama akanishika mabega, kwa sababu miguu yangu ilikuwa bado inataka kukimbia.

"Ikala chini, mwanangu," akasema. "Mama yako haiko tena."

Walionifuata walisimama. Kwetu mtu akifika kwenye kilio hapiti tu, kwa hiyo nao walikaa chini na jasho lao, na kila mkimbiaji aliyetokea kwenye ile kona akajiunga nao. Huko dispensari watu walisubiri na sabuni zao mpaka jua likawa kali. Baadaye mwalimu alikuja kuwatafuta wakimbiaji wake. Aliona matawi, akaniona mimi, akakaa mbali. Sikumtukana. Nililia mpaka sauti ikakauka, kwa uchungu, na kwa aibu ya lile tabasamu.

Jioni jirani yetu mmoja, mwanamke aliyekuwa na mama saa ile ya mwisho, alinisimulia. Asubuhi mama alisikia kelele kutoka barabara kubwa, akaomba abebwe hadi mlangoni. Wakamlaza kwenye mkeka, uso kuelekea njia. Jirani alimweleza kwamba mbio hazitapita hapa. Hakusikia, au hakutaka kusikia. Aliinua kidole wanyamaze.

"Sikiyeni," akasema. "Banakuya."

Hakusema kitu tena. Alidhani ni sisi tunakuja, kumbe zilikuwa kelele za watoto waliokuwa wanakwenda kutazama. Sisi wakati ule tulikuwa bado tumejipanga Kamalondo, tukingoja filimbi.