Mitungi Mitatu kwa Bomba la Mutsamudu

Siku ile ya Mutsamudu nikiikumbuka, mwanangu, bado nacheka peke yangu, ingawa niliianza kwa kujiona najua. Nilikuwa binti wa mji wa Ikoni, kisiwani Ngazidja, mhandisi mpya, nimetumwa kutoka Moroni kuangalia bomba linalopita chini ya bahari, likipeleka mafuta kutoka kwenye meli hadi matangi ya pwani. Mara kisiwa hicho cha Mutsamudu kikajitenga na serikali ya Moroni. Wenzangu wa Ngazidja wakarudi kwao, mimi nikabaki, na kila nikipita vichochoroni nilihisi macho mgongoni. Labda yalikuwa mawazo yangu tu.

Meli zikazuiwa kuja, mafuta yakaadimika, hata hospitali ikawa inawasha jenereta kwa saa chache. Kisha tukaambiwa meli moja imeruhusiwa kuja. Lakini bomba lilikuwa linaliwa na kutu, na mzamiaji wetu, Bakari, alibakiwa na mitungi mitatu tu ya hewa.

Nikaandika mpango: apime unene wa chuma kila hatua kumi, kuanzia ufukweni, bila kuruka mahali. Nikampelekea Fundi Maulida, mchomeleaji mzee aliyelijua bomba lile tangu lilipolazwa. Akasoma, akavua miwani.

"Binti yangu, hewa itakwisha kabla hajafika nusu. Kwa nini umeandika hivi?"

"Ili asitokee mtu wa kusema nimeacha mahali."

"Basi huu si mpango wa bomba. Ni mpango wa kukukinga wewe na lawama."

Niliona haya, maana alisema kweli. Mtaka yote hukosa yote. Akanivutia kiti, akatandaza mchoro, na kwa kila kipande akaniuliza mambo mawili: kutu yaweza kuwa imekula kiasi gani hapa? Na pakipasuka, nani ataumia? Fundi akakumbuka nanga iliyowahi kulikwaruza bomba karibu na mdomo wa mto, mahali akina mama wanapofua na watoto wanapooga. Mtungi wa kwanza ukaenda huko.

Bakari aliibuka akihema. "Chuma kimebaki chembamba kama ukucha," akasema.

Kwa mtungi wa pili akapafunga ukosi wa chuma, bamba la kulizunguka bomba. Wa tatu ukaenda kwenye kona tuliyoitilia shaka baada ya hapo, tukaikuta nzima. Meli ikaja, mafuta yakapita bila kumwagika hata tone. Taa za hospitali zilipowaka, vigelegele vilitoka nyumba hadi nyumba. Mke wa Fundi akanipakulia wali na pweza, akaniita "mwanetu", wala hakuna aliyeniuliza kisiwa changu.

Mwanangu, muda na nguvu havitoshi kamwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ni kweli. Lakini nyufa zikiwa nyingi, anza na ule ulio juu ya kitanda cha mtoto. Unapopaacha pengine, pajue, useme umepaacha, kisha uparudie.

Mungu akupe jicho la kuona penye hatari, na watu wa kukuambia ukweli kwa upole. Amina.