Mama Mkwe Chini ya Sebule

Nyumba yetu ipo kwenye mteremko, huku Ngara. Nyuma imekaa ardhini, mbele imesimama juu ya nguzo, kwa hiyo nusu ya sebule ni sakafu ya mbao. Chini ya mbao hizo walilala mbuzi, hadi mume wangu alipoamua wahame, aingie mama yake.

Mama mkwe alikuwa ameshatoroka nyumba za watoto wake wengine wote. Kila mara alirudi kijijini kwake Kirushya kwenye migomba yake, peke yake, na magoti yale mabovu. Tulibaki sisi tu. Akitutoroka na sisi, siku akianguka shambani nani atajua?

Basi tukachapa kazi. Tulimwaga sakafu ya saruji, tukatoboa dirisha, tukapiga plasta na chokaa. Mbuzi walihama, harufu yao ikagoma. Mama alipofika nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanusa.

"Mbuzi," akasema, akaweka furushi lake kitandani.

Jioni, nikiwa juu, nilimnong'oneza mume wangu kwamba mama amekula kidogo, labda maharage yangu hayakumpendeza. Chini ya miguu yangu nikasikia fimbo: ngo, ngo, ngo.

"Maharage mazuri. Chumvi ndiyo hamna."

Kumbe mbao zile hazifichi kitu. Tukigombana, fimbo inagonga na hukumu inatoka. Mara nyingi nashinda mimi, na hilo sikulichukia. Lakini nikiongea na dada yangu kwenye simu, lazima mama atume salamu kutoka chini. Nilichoka, jamani. Mtu unashindwa hata kumsengenya mama mkwe ndani ya nyumba yako mwenyewe!

Nikambana mume wangu mpaka akaleta bodi za dari, na magunia ya maranda ya kujaza katikati ili kuzuia sauti. Mama alipoona ngazi inaingia chumbani kwake, akaanza kufunga furushi. Nilijua ndiyo anatoroka, na safari hii mkosaji ni mimi.

"Mama, tunaweka dari," mume wangu akasema, "kelele zetu zisikusumbue."

"Kwa kaka yako nilipewa chumba kizuri, mlango mzito. Wananiletea chakula, wananiambia pumzika, mama, wanafunga. Nilipumzika mpaka nikawa najisemesha mwenyewe. Hapa nasikia watu. Mkiziba, nirudisheni kwenye migomba yangu."

Mume wangu akaitoa ngazi. Mimi nikapanda sebuleni, nikakaa na ungo wa maharage, na huku mbele yangu hakuna mtu nikaanza kusimulia kwa sauti habari za jirani aliyerudiana na mkewe.

Chini fimbo ikagonga: ngo, ngo, ngo. Kisha mama akauliza ni jirani yupi.